Ng'ombe Aliyejificha Ndani ya Neno "Fee"

Kila mwaka, siku za kufunguliwa shule zinapokaribia, masoko ya ng'ombe hujaa watu kuliko ilivyo desturi. Mzee mwenye mtoto katika shule ya bweni huondoka kwake alfajiri akiswaga dume lake mbele yake, na jioni hurudi ameshika kamba tupu, noti zikiwa zimekunjwa ndani ya mfuko wa koti. Baadaye fedha hizo hulipwa, na karani humwandikia stakabadhi. Kwa Kiswahili malipo hayo huitwa karo, na wengine husema ada ya shule. Lakini katika karatasi zilizopigwa chapa kwa Kiingereza neno lililoandikwa ni "fees". Mzee huyo akiambiwa kwamba neno hilo, katika mizizi yake ya kale, ni mifugo, huenda akadhani kuwa anafanyiwa mzaha. Wala si mzaha. Dume aliyeachwa sokoni ameandikwa katika stakabadhi, ingawa karani mwenyewe hakumwona.

Habari ya neno hili yafaa kusimuliwa kwa urefu, kwa maana inagusa jambo ambalo wafugaji wa Kenya waliambiwa mara nyingi katika siku za ukoloni, ya kwamba kuhesabu mali kwa vichwa vya ng'ombe ni desturi ya watu waliobaki nyuma, na kwamba mtu mwerevu huhesabu kwa shilingi. Wengi wa waliosema hivyo walisema kwa Kiingereza; na Kiingereza ni lugha iliyojaa ng'ombe.

Watu walioileta lugha hiyo katika kisiwa cha Britania walivuka bahari katika karne ya tano, wakitoka pande za kaskazini ya Ujerumani na Denmark. Walikuwa wakulima na wafugaji. Katika lugha yao palikuwa na neno "feoh", ambalo mwisho wake ulitamkwa kwa ukali kama kh ya Waarabu. Feoh ilikuwa ni mifugo. Tena feoh ilikuwa ni mali yoyote awezayo mtu kuhama nayo. Tena feoh ilikuwa ni fedha. Maana hizo tatu zilikaa pamoja katika neno moja, na msikilizaji alitambua ipi inayokusudiwa kwa kufuata mazungumzo, kama vile Mswahili asikiapo neno "kaa" asivyochanganya kaa wa pwani na kaa la moto.

Jinsi mifugo na fedha zilivyokaribiana katika maisha ya watu hao yaonekana katika sheria za Mfalme Ine, aliyetawala Wessex, kusini ya Uingereza, tangu mwaka 688 hata 726. Sheria hizo ziliandikwa na zimehifadhiwa. Ndani yake imo bei ya pembe: pembe ya maksai ni peni 10, na pembe ya ng'ombe jike ni peni 2. Mkia una bei yake, na jicho lina bei yake, na baadhi ya bei hizo zimetajwa kwa shilingi. Mtu aliyemjeruhi mnyama wa jirani hakuwa na haja ya kubishana sana. Kiungo kilikwisha kupimwa. Shilingi hiyo ya Ine ndiyo babu ya shilingi iliyofika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya rupia kuondolewa, na ambayo mzee wa sokoni huihesabu hata leo. Hivyo shilingi na ng'ombe wamejuana kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu.

Jambo jingine la kuvutia ni kwamba watu hao, kabla ya kuzizoea herufi za Kirumi, walikuwa na herufi zao zenye mistari iliyonyoka, zilizochongwa katika mbao, mawe na mifupa. Kila herufi ilikuwa na jina lenye maana, na herufi ya kwanza kabisa, yenye sauti ya f, iliitwa feoh. Basi aliyejifunza kusoma alianza na mali ya mfugaji. Wazee wa pwani waliosoma chuoni kwa kuanza na alifu wanaweza kutabasamu hapa, kwa maana alifu ya Waarabu ni ndugu wa alefu ya Waebrania, na jina hilo la kale maana yake ni ng'ombe dume. Herufi A ya magazeti yetu imetoka katika ukoo huohuo. Igeuze miguu juu, nawe utaziona pembe zake.

Tukitaka kujua kama feoh lilikuwa neno la Waingereza peke yao, ni lazima tuwaulize jamaa zao. Mjerumani humwita mnyama wa kufugwa "Vieh", na Mholanzi husema "vee". Makaburu waliofika Uasin Gishu na magari yao ya maksai mwaka 1908 walikuja na Kiafrikana, ambacho ni mtoto wa Kiholanzi, na katika lugha hiyo v ya mwanzo hutamkwa f. Kwa hiyo kijana aliyechunga mifugo kwa Kaburu karibu na Eldoret aliweza kusikia neno "vee" likitamkwa kwa sauti iliyo karibu sana na "fee" ya karani wa shule, lakini maana yake ilikuwa ng'ombe na kondoo aliokuwa akiwachunga. Huko Iceland, kisiwa cha baridi kaskazini ya Ulaya, neno "fé" lina maana mbili mpaka leo: ni fedha, na ni kondoo.

Tena wako Wagothi, taifa lililokwisha kupotea. Katika karne ya nne askofu wao Wulfila aliitafsiri Biblia kwa lugha yao, na sehemu ya kazi hiyo ingali ipo, katika kitabu maarufu kilichoandikwa kwa wino wa fedha juu ya ngozi ya rangi ya zambarau, kilichowekwa Uppsala katika nchi ya Sweden. Neno lao lilikuwa "faihu". Hilo ndilo neno linalotumika katika Injili ya Marko pale panapozungumzwa ugumu wa wenye mali kuingia katika Ufalme wa Mungu. Msomaji na aliweke neno hilo la Wagothi kando, maana litahitajiwa tena mbele.

Mpaka hapa safari ni rahisi, kwa sababu feoh, Vieh, vee, fé na faihu hufanana hata kwa macho. Lakini wataalamu wa lugha wanadai kwamba neno hilo ni ndugu pia wa neno la Kilatini "pecus", maana yake mifugo. Mtu asiyezoea mambo haya atauliza: feoh na pecus zimefanana wapi? Moja lina f, jingine lina p; moja lina h, jingine lina sauti ya k. Je, si kubahatisha tu?

Jibu lake msomaji wa Kenya analo nyumbani kwake. Mswahili husema "lipa", Mkikuyu husema "rĩha". Mswahili husema "panda" mbegu, Mkikuyu husema "haanda". Mgonjwa kwa Kiswahili "hupona", na kwa Kikikuyu kitenzi chake ni "hona". Katika maneno hayo yote matatu, palipo na p katika Kiswahili pana h katika Kikikuyu. Hakuna aliyekaa barazani akaamua hivyo, wala si kwamba Wakikuyu waliyasikia maneno ya Waswahili vibaya. Lugha hizi mbili ni watoto wa mama mmoja wa kale, na kila mtoto alipoondoka nyumbani aliibadili sauti ya mama kwa namna yake, naye akaibadili kwa utaratibu, si hapa na pale. Anayejua utaratibu huo aweza kulitambua neno la jirani hata likiwa limevaa nguo nyingine.

Katika Ulaya utaratibu wa namna hiyo ulielezwa kwa ukamilifu na Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822, baada ya Rasmus Rask wa Denmark kuuonyesha mwaka 1818. Grimm huyu ndiye yule aliyekusanya hadithi za watoto pamoja na ndugu yake Wilhelm. Aliona kwamba palipo na p katika Kilatini, Kiingereza na jamaa zake huweka f. Baba kwa Kilatini ni "pater", kwa Kiingereza "father". Samaki ni "piscis", naye Mwingereza husema "fish". Na palipo na sauti ya k katika Kilatini, Kiingereza huweka h: pembe ni "cornu" kwa Mrumi na "horn" kwa Mwingereza, mia ni "centum", ambayo Warumi wa kale waliitamka kentum, na kwa Kiingereza ni "hundred". Sasa lichukue pecus. Badili p iwe f, na k iwe h. Linalobaki mkononi ni feh, na mbuzi amekwisha kutambuliwa kwa alama ya sikio.

Hata Kilatini si mwisho wa njia. Mwaka 1786 William Jones, jaji Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Calcutta, aliwaambia wenzake kwamba Kisanskriti, lugha takatifu ya Wahindi, hufanana na Kilatini na Kigiriki kiasi ambacho haiwezekani kuwa ni kwa bahati. Ni lazima zote zimetoka katika chanzo kimoja ambacho pengine hakipo tena. Katika Kisanskriti mnyama wa kufugwa ni "paśu". Kwa hiyo kabla ya Warumi kuwa Warumi na Wahindi kuwa Wahindi, palikuwa na watu waliokuwa na neno hili midomoni, na wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha watoto wake: "peku". Watu hao hawakuacha maandishi hata mstari mmoja. Lakini wajukuu wao wengi, tangu mto Ganges hata Iceland, walirithi neno la mifugo, na hilo ni ushuhuda wa kutosha kwamba mifugo ilikuwako.

Warumi walilifanyia neno hilo mambo mengi. Kutoka pecus walipata "pecunia", yaani fedha, na mwandishi wao Varro alilieleza jambo hilo waziwazi, kwamba fedha imeitwa hivyo kwa sababu ya mifugo. Kiingereza kililichukua, na karani anayejua Kiingereza cha ofisi hukutana nalo katika neno "pecuniary". Tena walipata "peculium", nayo ilikuwa mali ndogo ambayo mtumwa, au kijana ambaye baba yake angali hai, aliruhusiwa kuishika kana kwamba ni yake mwenyewe. Kutokana na wazo hilo la kitu kilicho cha mtu peke yake likaja neno la Kiingereza "peculiar", ambalo siku hizi maana yake ni cha ajabu, kisichofanana na vingine.

Lakini lililo zuri zaidi ni habari ya faini. Katika siku za mwanzo za Roma faini zilitozwa kwa kondoo na ng'ombe, na ugomvi haukukosekana, kwa sababu ng'ombe si wote sawa. Mwenye kutozwa alileta aliyekonda, naye mwenye kupokea alitaka aliyenona. Mwaka 430 kabla ya Kristo ilipitishwa sheria ya kulipa kwa shaba badala ya wanyama. Waandishi wa Kirumi wameiacha hesabu yake: kondoo mmoja ni vipande 10 vya shaba, na ng'ombe mmoja ni vipande 100. Wazee wa baraza lolote katika Kenya ambao wamewahi kusikiliza kesi ya fidia wataielewa sheria hiyo bila kufafanuliwa.

Sasa turudi Uingereza, kwa kuwa hapo ndipo njia inapopinda. Yeyote angedhani kwamba feoh ya Mfalme Ine ilisafiri moja kwa moja mpaka ikawa "fee" ya leo. Haikuwa hivyo. Neno la kale liliendelea kutumika kwa karne kadhaa, likazeeka, likafa. "Fee" ya stakabadhi iliingia kwa mlango wa nyuma, nayo ililetwa na watu wengine.

Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na lugha ya mahakama na ya wakuu ikawa Kifaransa. Wakuu hao walikuwa na neno "fee", lililotokana na neno la Kilatini cha makarani wa wakati ule, "feodum". Maana yake ilikuwa ni ardhi ambayo mtu hupewa na mfalme au bwana wake ili amtumikie, hasa katika vita. Na hilo feodum makarani walilitoa wapi? Wataalamu wengi hulihesabu kuwa ni neno la Wafaranki, kabila la Kijerumani lililoingia Ufaransa na kuipa nchi hiyo jina lake. Nao Wafaranki walisema "fehu", ndugu wa feoh. Kwa hiyo ng'ombe yuleyule alikuwa amevuka mpaka, akajifunza Kifaransa, akageuka kuwa shamba, kisha akavuka bahari na kumkuta ndugu yake aliyebaki nyumbani. Wanasheria wa Kiingereza hutaja "fee simple" mpaka leo wanapokusudia ardhi iliyo ya mtu kabisa, yeye na warithi wake, na wanasheria wa Kenya waliosomea sheria hiyo wanalijua neno hilo vyema.

Kutoka ardhi mpaka malipo njia si ndefu. Palikuwa na watu waliopewa kazi badala ya shamba: kulinda msitu, kutunza lango, kuandika hati. Kazi hiyo ilishikwa kama ardhi ilivyoshikwa, nayo ikaitwa fee. Mwenye kazi alikuwa na haki ya kupokea kitu kidogo kwa kila mtu aliyemhudumia, na kitu hicho nacho kikaitwa fee. Baadaye jina hilo likawafikia mawakili na waganga, na mwisho likafika shuleni. Ng'ombe akawa shamba, shamba likawa cheo, cheo kikawa malipo. Na kwa kuwa mzee wa sokoni humtoa ng'ombe ili apate malipo, amelirudisha neno pale lilipoanzia, bila ya kujua.

Kiingereza kina ng'ombe mwingine aliyefichwa vizuri zaidi ya huyu. Katika karne ya tisa na ya kumi watu wa kaskazini, wale mabaharia wa Denmark na Norway waliotisha pwani za Ulaya, walifanya makao mashariki ya Uingereza, na maneno yao mengi yakabaki. Mmoja wao aliyeshirikiana na mwenzake katika biashara au safari aliitwa "félagi", yaani yule anayeweka fé yake pamoja na ya mwenziwe. Waingereza walilichukua neno hilo, likawa "fellow". Leo linatumika kwa jamaa yeyote, hata asiye na senti. Watu wa Iceland wangali wakiita shirika au chama "félag". Na mtu aliyeshuhudia wakulima wakianzisha chama cha ushirika kwa kuchanga kidogo kidogo ataona kwamba hilo ni jina lifaalo.

Neno "cattle" lenyewe, ambalo kila mwanafunzi hufundishwa kuwa ni ng'ombe, lina habari iliyo kinyume na ya fee. Chanzo chake ni "caput", neno la Kilatini la kichwa. Kutoka hapo likaja "capitale", yaani mali iliyo kuu. Wanormani walitamka "catel", na walipolileta Uingereza maana yake ilikuwa mali yote isiyokuwa ardhi: vyombo, nafaka, mavazi, wanyama. Polepole watu wakalitumia kwa wanyama peke yao, na mwishowe kwa ng'ombe. Wafaransa wa upande wa Paris walilitamka neno hilohilo "chatel", na wanasheria wakalifanya "chattel", kitu chochote cha mtu kinachohamishika. Wafanyabiashara nao walikuja na umbo la tatu, "capital", fedha ya kuanzia kazi. Hao watatu, ng'ombe wa zizini, kiti cha mdaiwa na fedha iliyo benki, ni watoto wa baba mmoja.

Kiswahili nacho hakikukosa kichwa hicho. Wafanyabiashara wa pwani huita fedha ya kuanzia biashara "rasilimali", na neno hilo ni la Kiarabu, ra's al-mal, yaani kichwa cha mali. Mrumi na Mwarabu walifikia kichwani, kila mmoja kwa njia yake.

Lakini tazama tofauti iliyopo kati ya fee na cattle. Fee ilitoka kwenye mifugo ikaenda kwenye fedha. Cattle ilitoka kwenye mali ikaenda kwenye mifugo. Tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya mtaalamu wa Ufaransa, Émile Benveniste, katika kitabu chake cha mwaka 1969, kuuliza kama wenzake hawakuisoma habari nzima ya peku kinyume. Yeye alisema kwamba neno hilo tangu mwanzo lilikuwa na maana ya mali inayohamishika, na kwamba lilishuka kwenye mifugo kwa sababu mifugo ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya mali hiyo. Hoja yake moja ilikuwa ni wale Wagothi: miongoni mwa lugha za jamii ya Kijerumani, yao ndiyo iliyoacha maandishi marefu ya kale kuliko zote, na ndani yake faihu ni mali na fedha, wala si mnyama. Walio upande wa pili hujibu kwamba peku hufanana sana na neno la kale la kuchana sufu, ambalo limebaki katika Kigiriki na Kilatini. Kwa hiyo peku wa kwanza alikuwa kondoo, mnyama wa sufu, na mali ikaja nyuma yake.

Ubishi huo haujakwisha, na pande zote mbili zina hoja nzuri. Hata hivyo, mtu aliyekulia zizini ataona kwamba swali lenyewe ni la mtu wa mjini. Kuuliza ni kipi kilichotangulia, mnyama au mali, ni kudhani kwamba vitu hivyo viwili viliwahi kutengana. Mwarabu wa jangwani alipotaja mal, neno ambalo kwetu ni "mali", wanakamusi wa Kiarabu wanasema kwamba mara nyingi alikusudia ngamia, kwa sababu ngamia ndio waliokuwa wingi wa alicho nacho. Yeye hakuona kuwa anatumia neno moja kwa vitu viwili.

Katika Kenya jambo hili halikubaki vitabuni. Mwaka 1926 mtaalamu wa Marekani, Melville Herskovits, alichapisha maandishi marefu juu ya ng'ombe katika maisha ya watu wa Afrika Mashariki, akayaita "The Cattle Complex in East Africa". Nia yake ilikuwa kueleza jinsi mifugo ilivyofungamana na ndoa, ibada na heshima ya mtu. Lakini jina la maandishi yake lilichukuliwa na maofisa wengi wakalifanya kama jina la ugonjwa, wakimwona Mwafrika kuwa ni mtu aliyepumbazwa na ng'ombe asiyetaka kumgeuza fedha.

Miaka 12 baadaye fikira hizo zilifika katika mazizi ya Ukambani. Udongo wa Machakos ulikuwa umemomonyoka vibaya. Hilo lilikuwa kweli, na Wakamba wenyewe walilijua kuliko mtu yeyote. Serikali iliamua mwaka 1938 kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Wanyama walikamatwa na kupigwa mnada kwa bei duni, na wakati uleule kiwanda cha nyama kilikuwa kimeanzishwa Athi River kikihitaji ng'ombe. Mwishoni mwa Julai maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka makwao wakaenda Nairobi, wakakaa huko kwa majuma wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa baadaye na kuhamishiwa Lamu. Lakini ng'ombe walirudishwa kwa wenyewe, na mpango wa kuwauza kwa lazima ukaachwa.

Afisa aliyesimamia mnada wa namna hiyo alikuwa na leja mezani, na katika leja palikuwa na "fees", na "cattle", na labda barua iliyotaja "capital" ya kiwanda na faida ya "pecuniary" itakayopatikana. Katika maneno hayo yote manne, mawili yalianza kwa mifugo, na mengine mawili kwa neno la kichwa. Wazee waliosimama nje ya boma wakimtazama hawakuwa na neno la Kiingereza la kumjibu, nao walikuwa wakisema jambo ambalo Mfalme Ine angalilielewa mara moja.

Siku hizi hesabu hizo mbili huenda pamoja bila ugomvi. Katika nyumba nyingi za Wakikuyu, wazee wa pande mbili wanapokutana kwa ajili ya mahari, bei hutajwa kwa mbuzi. Mzee wa upande wa bibi arusi hutaja mbuzi kadhaa. Upande wa pili hujikuna vichwa, huomba kupunguziwa, hukubaliana. Uani hapana mbuzi hao wote. Kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwenye kazi ya ofisini, huwa amekwisha kuzidisha idadi ya mbuzi kwa bei ya mbuzi mmoja waliyokubaliana, na fedha hutumwa kwa simu. Mzee husoma ujumbe kwa miwani, huurudia mara mbili, kisha huwageukia wenzake na kuwaambia kwamba mbuzi wamefika.